Tovuti Sio Harusi, Ni Shamba

 

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu hapa Nakivale alinijia na simu mkononi. Akasema, "Mwanangu, wewe unajua mambo ya intaneti. Niangalizie kama hawa watu ni wa kweli." Alikuwa ameuliza kwenye Google, kwa Kiswahili chake cha Kivu, mkimbizi anafanyaje ili aende Kanada. Ukurasa alioufungua ulimwambia ajaze majina ya watoto, atume picha ya kadi ya familia, halafu alipe pesa ya kufungua faili kwa njia ya simu. Nusu alikuwa ameshatuma. Ilikuwa pesa ya maharage ya msimu mzima.

Wengi wetu tunajua ukweli wa jambo hili. UNHCR wamerudia mara nyingi kwamba huduma zao ni bure, na hakuna mkimbizi anayelipia kupelekwa nchi ya tatu. Nikamweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa nyinyi mnaojua, mmeandika wapi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu tuliandika. Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilikuwa na tovuti, na ndani yake kulikuwa na ukurasa mzima kuhusu matapeli wa safari, kwa Kiswahili rahisi. Shirika moja lilitusaidia, mradi wa miezi sita. Siku ya uzinduzi kulikuwa na fulana, soda, hotuba, mgeni rasmi na picha nyingi. Mradi ukaisha. Mwaka uliofuata jina la tovuti lilitakiwa kulipiwa tena. Ujumbe wa kukumbusha ulienda kwenye barua pepe ya mtu ambaye mkataba wake ulikuwa umeshaisha, na sisi hatukuwa na nywila. Hakuna aliyelipa. Leo ukiandika jina lile kwenye simu, inafunguka tovuti ya kubeti mpira. Jina tulilolichagua wenyewe na kulipigia makofi, sasa linawaita vijana wetu kubeti.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: kuonekana kwenye intaneti sio kitu unachofanya siku moja ukamaliza. Sisi tuliandaa harusi, wakati kazi yenyewe ni shamba. Na shamba lisilopaliliwa halibaki tupu, linaota magugu.

Watu wa kompyuta wanaiita kazi hii SEO. Msiogope herufi. Maana yake ni kuandaa kurasa zako ili mtu anapouliza swali kwenye injini ya utafutaji, jibu lako liwe kati ya yale anayoyaona kwanza. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ufundi wa siri, kuna kitufe fulani mtu akikibonyeza unapanda juu. Hakuna kitufe. Ngoja nieleze inavyokwenda.

Google wana programu inayotembea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo. Ikikuta ukurasa, inausoma. Ukionekana unafaa, unawekwa kwenye orodha yao kubwa, kama kitabu kinavyoandikwa kwenye daftari la maktaba. Halafu mtu akiuliza swali, wanachagua kwenye orodha ile kurasa zinazoonekana kujibu vizuri, na kuzipanga. Nafasi kwenye majibu hayo ya kawaida hainunuliwi. Anayelipa anapata tangazo, na tangazo linaandikwa kwamba ni tangazo. Kwa hiyo kijana wa kambini mwenye simu na bando la siku anaweza kuandika ukurasa ukakaa juu ya ukurasa wa kampuni kubwa. Inawezekana kabisa, hasa kwa Kiswahili, kwa sababu walioandika mambo yetu kwa Kiswahili ni wachache.

Lakini haiwezekani kwa wiki moja. Mwaka 2017 Google wenyewe walitoa video ya kuwaelekeza watu wanaotaka kuajiri fundi wa SEO. Walisema mara nyingi inachukua miezi minne mpaka mwaka mzima tangu kuanza kurekebisha tovuti mpaka kuona faida. Tena maelekezo yao yanasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Nayasema haya kwa sababu kuna vijana wanapita kwenye vikundi vyetu wakisema, "Nipe laki mbili, wiki ijayo uko juu." Ndugu yangu, hiyo laki mbili nunua mbegu.

Sasa wekeni miezi hiyo pembeni ya kalenda ya mradi. Mradi wa miezi sita: mwezi wa kwanza mikutano, wa pili mafunzo, wa tatu na wa nne kutafuta fundi, wa tano tovuti inazinduliwa, wa sita ripoti. Yaani tovuti inaachwa wakati ndio kwanza Google wanaanza kuijua. Ni kama mtu alime, apande, halafu mahindi yakiwa na majani mawili ahame. Kwenye ripoti inaandikwa "tovuti 1 imetengenezwa", na ni kweli, imetengenezwa. Ila mama wa maharage hakuikuta.

Na angalieni jambo hili. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kakuma ilianza mwaka 1992. Nyarugusu ni mwaka 1996. Kuna watu wamezaliwa humo, wakaoa humo, wakazaa humo. Kambi zinahesabu miaka, tovuti zetu zinahesabu miezi. Matatizo yetu ni ya muda mrefu, lakini majibu yake tunayapa maisha ya bando.

Mtu ataniuliza, kwa nini kazi haiishi? Si ukishaandika vizuri inatosha? Haitoshi, kwa sababu kadhaa.

Ya kwanza, mambo yenyewe yanabadilika. Ofisi inahama, siku ya kusikilizwa inabadilishwa, namba ya msaada inafungwa, kiwango cha chakula kinapunguzwa. Ukurasa uliokuwa ukweli jana unageuka kuwa uongo bila wewe kugusa hata herufi moja. Mtu anapanda boda, analipa, anafika anakuta mlango umefungwa. Ukurasa wa zamani ambao hakuna anayeuangalia unaweza kuumiza kuliko kutokuwa na ukurasa.

Ya pili, Google nao wanabadilika. Mwaka 2011 walileta badiliko waliloliita Panda, likashusha tovuti zenye maandishi mepesi mepesi. Mwaka 2012 wakaleta Penguin, likawapiga waliokuwa wananunua viungo ili waonekane wakubwa. Mwaka 2016 walitangaza kwamba wataanza kuangalia kwanza tovuti inavyoonekana kwenye simu, sio kwenye kompyuta, na mwaka 2023 wakasema kazi hiyo imekamilika. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa ofisini kwenye kompyuta kubwa. Ukiifungua kwenye simu ndogo maandishi yalikuwa kama mchwa. Hakuna aliyerudi kuirekebisha.

Mwaka 2024, mwezi wa tatu, Google waliongeza kwenye orodha ya makosa jambo la kununua majina ya tovuti zilizokufa ili kutumia heshima yake ya zamani. Niliposoma hilo nilicheka kicheko cha uchungu. Kumbe yaliyotupata yanajulikana mpaka huko. Mwezi huo huo walikataza pia kutengeneza kurasa nyingi nyingi zisizo na faida kwa msomaji ili tu kupanda juu. Kwa hiyo wale wanaosema "mwambie roboti akuandikie kurasa mia tano leo, umemaliza", hawakusaidii.

Ya tatu, na hii ndiyo inayoniuma zaidi: tapeli halali. Yule aliyemla mama yule hakuandika ukurasa mmoja akaenda zake. Anabadilisha namba, anabadilisha jina, anaangalia watu wanauliza maneno gani mwezi huu, anayaweka. Kwake ni kazi ya kila siku kwa sababu inamlipa. Sisi wenye ukweli tunafanya mara moja, kwa furaha, na picha. Halafu tunashangaa uongo unatangulia.

Najua mtasema nini. Mtasema: "Yaya, siku hizi nani anafungua tovuti? Sote tuko WhatsApp, Facebook na TikTok." Ni kweli, hata haya ninayoandika mnayasoma humo humo. Lakini fikirini. Kwenye kundi la WhatsApp swali moja linajibiwa leo, kesho limezama chini ya salamu za asubuhi na picha za maua. Wiki ijayo mwingine anauliza lile lile. Na aliyefika juzi kutoka Bunagana hayumo kwenye kundi lolote. Hajui mtu. Usiku yuko peke yake na simu, anaandika swali lake pale kwenye kisanduku cha kutafutia. Anayetafuta ni yule ambaye hana wa kumuuliza. Huyo ndiye tunayemwacha kwa matapeli.

Wengine wanasema sasa watu wanauliza akili bandia, mambo ya kutafuta yamekwisha. Sawa, lakini hizo programu zimejifunza kutokana na maandishi ya watu, na nyingine zinapekua intaneti kabla ya kukujibu. Kama hatujaandika, zitajibu kwa yale aliyoandika tapeli, au zitabuni tu.

Swali lenye uzito zaidi ni hili: nani ana muda? Kijana wa kambini asubuhi anabeba matofali, mchana anafuata maji. Umwambie kila wiki akae aangalie tovuti, bila malipo, kwa miaka? Hapo sina jibu jepesi. Kujitolea kunachosha, na anayekwambia hakuchoshi hajawahi kujitolea. Nitarudi hapo nikifika kwa watu wa mashirika. Kwanza niwaambie sisi tunafanyaje sasa.

Baada ya aibu ile tulianza upya, kidogo kidogo. Tuko watatu, na kompyuta moja ya zamani inayochajiwa kwa sola ya jirani. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, saa mbili tu. Kazi ya kwanza ni daftari. Wiki nzima kila mmoja anaandika maswali anayosikia kisimani, sokoni, kwenye foleni, kwa maneno yale yale ya muuliza swali. Hili ni muhimu sana. Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa na kichwa "Utambuzi na Usawazishaji wa Vyeti vya Kitaaluma". Niambieni, nani kambini anauliza hivyo? Watu wanauliza: "Diploma ya Congo inakubaliwa Uganda?" Basi kichwa kipya ni hicho hicho. Ndani tumeeleza kwamba mtu mwenye Exetat anayetaka kuendelea na chuo hapa, cheti chake kinalinganishwa na baraza la mitihani la Uganda, UNEB, kule Kampala. Na tumeeleza kwamba ni bora kuulizia kwanza karatasi zinazotakiwa kabla hujapanda basi.

Kazi ya pili ni kurudi nyuma. Kila Jumapili tunafungua kurasa mbili za zamani, tunapiga zile namba, tunauliza kama ofisi bado iko pale. Kilichobadilika tunarekebisha na tunaandika tarehe. Kisichojulikana tunakiondoa.

Ya tatu ni kuangalia kifaa cha bure cha Google kinachoitwa Search Console. Kinakuonesha watu waliandika maneno gani mpaka wakauona ukurasa wako, na wangapi waliufungua. Miezi ya kwanza ule mstari ulikuwa umelala chini kama mgonjwa wa malaria. Mwenzetu mmoja akasema tuache, tunapoteza bando. Tukamwomba avumilie. Halafu tukaona kitu: watu hawaandiki "kulinganisha diploma", wanaandika "kubadilisha diploma". Sisi tulikuwa tunasubiri mlango wa mbele, wao wanapita mlango wa nyuma. Tukaongeza neno lao kwenye ukurasa. Taratibu mstari ukaanza kunyanyuka. Sio sana, lakini ukaanza.

Ya nne ni kuwaomba wenzetu, vikundi vingine, parokia, walimu, waweke kiungo cha kuja kwetu pale ambapo kweli kinamsaidia msomaji. Hatununui viungo. Heshima kwenye intaneti inakuja kama kijijini: watu wanakutaja kwa sababu ulifanya jambo, na inachukua muda.

Siku moja akanipigia kijana aliyetoka Kivu, simjui. Akasema alitafuta habari za diploma akaukuta ukurasa wetu. Kuna mtu alikuwa anamwomba pesa nyingi ili "amsaidie" kuipitisha. Aliposoma akaenda mwenyewe. Ni mmoja tu. Lakini ule ukurasa uliandikwa miezi minane kabla hajapiga simu. Kama tungeacha mwezi wa tatu kama mwenzetu alivyotaka, kijana yule angekuta nini?

Sasa nyinyi watu wa mashirika. Sisemi kwa hasira, wengi wenu mna nia njema, na fulana zile bado tunazivaa. Ila naomba mambo haya.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi, lilipiwe miaka mingi kwa mara moja pale inaporuhusiwa, na nywila ziwe kwa watu watatu wa kikundi, sio kwa afisa mmoja wa mradi. Gharama ya jina kwa mwaka ni ndogo kuliko gharama ya soda za uzinduzi.

Kwenye bajeti andikeni mstari wa mtunzaji. Sio fundi wa kuja mara moja, mtunzaji. Bando na posho ndogo ya kila mwezi kwa vijana wawili, kwa miaka miwili au mitatu, ina faida kuliko tovuti ya kupendeza inayokufa kabla ya Krismasi. Hapo ndipo lile swali la nani ana muda linapata jibu. Muda upo, ila na mwenye muda naye anakula.

Halafu badilisheni namna ya kuhesabu. Msiulize tu "tovuti ngapi zimetengenezwa?" Ulizeni: mwezi huu watu waliuliza nini, na walipouliza walikuta nani? Ulizeni: ni kurasa ngapi zimeangaliwa upya? Na kama mradi ni wa miezi sita na hauwezi kurefushwa, basi msitengeneze tovuti mpya. Ongezeni nguvu kwenye ile ambayo ipo na ina mtu wa kuitunza.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Kuna kikundi kati yetu ambacho kina kurasa tatu za Facebook, zote zimeachwa, kila moja na namba ya simu isiyopatikana. Tunapenda kufungua vitu vipya kwa sababu kufungua kuna picha. Kupalilia hakuna picha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye intaneti sisi tumekuwa wageni wa siku mbili muda mrefu. Tuchukue jembe.

Mama yule hakurudishiwa pesa yake. Tulijaribu ile namba, haipatikani. Nilimwomba ruhusa ya kuandika maswali ya yule tapeli yote, neno kwa neno, na jinsi alivyomvuta hatua kwa hatua, bila kumtaja jina. Akakubali. Ukurasa umewekwa Jumapili iliyopita, na kichwa chake ni swali lake mwenyewe: "Je, form ya kwenda Kanada inalipiwa?" Jibu liko mstari wa kwanza: hapana.

Leo ukitafuta huenda usiuone. Ni mpya, bado uko chini. Jumapili ijayo tutaufungua tena, na inayofuata pia. Kama uko jirani njoo na daftari na maswali uliyosikia wiki hii. Kama uko Kakuma, Nyarugusu au Kampala, anzeni kwenu na mtujulishe, tuwekeane viungo.